Kete Haina Kabila: Pande na Vikosi vya Vita vya Kale katika Mchezo wa Kompyuta

Mchezo ni mwalimu wa zamani kuliko shule. Wazee wetu walipoketi barazani wakicheza bao, watoto waliochungulia nyuma ya mabega yao walijifunza kuhesabu, kukumbuka na kungoja, wala hapakuwa na mtu aliyewaambia kwamba wanasoma. Kwa sababu hiyo haifai kuudharau mchezo wowote unaopendwa na vijana wetu. Yafaa kuutazama na kuuliza unawafundisha nini.

Siku hizi vijana wengi huvijua vita vya kale kwa njia ya kompyuta kabla hawajavisoma kitabuni. Jioni moja kijana wa nyumbani kwetu alituketisha mbele ya kioo akatuonyesha mchezo wake. Wapanda farasi wa Kimongoli walikuwa wakiuvamia mji wenye ngome, na kijana alitueleza kila kikosi kwa ufasaha: huyu anashinda nani, anamwogopa nani, anagharimu chakula kiasi gani. Tukamwuliza, "Na sisi tumo?" Akaipitia orodha, kisha akasema, "Hatumo, mjomba. Labda tujitunge wenyewe."

Neno hilo ndilo lililozaa makala haya. Tumekusudia kueleza yampasayo mtu anayetaka kuzipanga pande na vikosi vya mchezo wa vita vya nchi yetu, hasa vile vya karne ya 19. Kazi hiyo huonekana ni ya kitoto. Lakini atakayeifanya hana budi kuamua nani alikuwa pamoja na nani, na nguvu za watu wale zilitoka wapi. Na hayo ndiyo maswali ya mwanahistoria.

Mchezo wenyewe ulivyo

Tuanze kwa kueleza, kwa faida ya mwalimu ambaye hajauona. Katika bao mchezaji hungoja zamu yake. Katika michezo hii hakuna zamu. Pande zote hutenda kwa wakati mmoja, na anayesita hupitwa. Mchezaji huchagua upande, hupewa wakulima wachache, huwatuma kutafuta chakula, mbao, mawe na dhahabu, na kwa mali hizo hujenga majumba na kuunda vikosi. Kila upande una vikosi vyake maalumu, na kila kikosi kina nguvu yake, mwendo wake na bei yake. Mtungaji huandika mambo hayo yote kwa tarakimu, na mchezaji huyapokea kama kweli.

Mmoja wa michezo iliyojulikana sana ni Age of Empires, uliotolewa mwaka 1997. Ulikuwa na pande 12, na katika Afrika nzima Wamisri wa kale peke yao ndio waliopata nafasi. Mchezo wa pili wa jina hilo ulitoka mwaka 1999 ukiwa na pande 13, wala hapakuwa na hata upande mmoja wa kusini ya Sahara. Ilipofika mwaka 2015 iliongezwa sehemu iliyohusu falme za Afrika, na humo wakaingia Waberiberi, Wahabeshi, Wamali na, pamoja nao, Wareno. Ilikuwa hatua njema, na vijana wengi wa Kiafrika waliifurahia.

Hata hivyo mambo mawili yaliyomo humo yanafaa kupimwa. La kwanza: Wamali walipewa kikosi maalumu cha wanawake waitwao gbeto. Gbeto walikuwako kweli, lakini walikuwa wa Dahomey, ufalme ulioinuka katika karne ya 17 na kuangushwa na Wafaransa mwaka 1894, katika nchi iitwayo Benin leo. Mali ya Sundiata na Mansa Musa ilikuwa na nguvu katika karne ya 13 na ya 14, nayo ilikuwa mbali sana na Dahomey. Ni sawa na kumpa mfalme wa Ufaransa wa zama za kati askari wa Kirusi wa zama za Napoleon. La pili: kati ya visa vya sehemu hiyo kimo kimoja kilichopewa jina la Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Mwenye merikebu alipewa upande na kisa chake. Lakini Waswahili, wenye miji ile, hawakuwa miongoni mwa pande nne zilizoongezwa.

Basi tusikae kulalamika. Aliyetunga alitunga kwa alichokijua. Swali ni sisi tungetunga nini.

Karatasi ya darasani

Tulipata kuliona jibu moja katika shule ya sekondari, ambako mwalimu wa historia aliwapa wanafunzi kazi ya kuupanga mchezo kama huo kwenye karatasi. Wanafunzi walifanya bidii. Waliandika jina la kila kabila, na mbele yake sifa zake: Wahehe, mkuki, Wangoni, ukali, Wanyamwezi, kubeba mizigo, Waarabu, bunduki, Wajerumani, mzinga. Mbele ya Wagogo palikuwa patupu. Kijana mmoja ambaye kwao ni Dodoma akauliza kwa nini wazee wake hawakupewa hata kikosi kimoja. Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Kosa la karatasi ile si ukosefu wa maarifa. Wanafunzi walidhani kwamba upande wa vita ni kabila, na kwamba kabila lina tabia moja ya kuzaliwa nayo. Dhana hiyo waliikuta imekwisha tengenezwa. Watawala wa kikoloni waliipenda, kwa maana mtu akiisha kupewa kabila moja na tabia moja, ni rahisi kumwandika daftarini na kumtawala. Mtungaji wa mchezo akiifuata, atakuwa ameirudishia uhai kazi yao. Tuipime kwa mifano.

Wahehe wenyewe ni mfano wa kwanza. Katikati ya karne ya 19 hapakuwa na himaya moja ya watu waitwao Wahehe. Palikuwa na tawala ndogo nyingi katika nyanda za Iringa. Munyigumba ndiye aliyeziunganisha, na mwanawe Mkwawa akazitia nguvu. Jina lenyewe husemwa kuwa lilitokana na ukelele wao wa vitani. Kwa hiyo kabila halikutangulia jeshi, vilikua pamoja.

Mfano wa pili ni Wangoni. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa, karibu na mwaka 1848, wakagawanyika. Waliofika Songea walikuwa wachache. Nguvu yao ilikuwa katika kuwapokea watu: kijana aliyetekwa aliingizwa katika kikosi cha rika lake, akapewa ngao na mkuki mfupi, na akipigana vema alipanda cheo. Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na Wabena wengi waliingia hivyo. Mwisho wa karne, wengi wa walioitwa Wangoni hawakuwa na babu aliyevuka Zambezi, na lugha waliyoisema ilifanana zaidi na lugha za wenyeji kuliko ile iliyotoka kusini.

Mfano wa tatu ni vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora, kuanzia mwaka 1871 hata 1875. Kitabu kikisema haraka huviita vita vya Wanyamwezi na Waarabu. Lakini Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa Mnyamwezi, naye alikuwa upande wa Waarabu. Rugaruga wa Mirambo nao walikuwa vijana wa kila namna: watoto wa nchi, mateka, watoro, na watu waliokwisha kuifanya kazi ya upagazi. Kilichowaunganisha ni uaminifu kwa bwana mmoja na tamaa ya ngawira.

Hata upande wa Wajerumani haukuwa wa Wajerumani watupu. Wissmann alipokuja mwaka 1889 kupigana na Abushiri, aliajiri kiasi cha askari 600 wa Kisudani kutoka Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Baadaye wenyeji waliandikwa askari, na rugaruga wa huku na huku wakatumiwa kama wasaidizi. Mzungu alikuwa mmoja kwa wengi.

Kutokana na mifano hiyo twapata kanuni ya kwanza. Upande katika mchezo upangwe kwa utii na kwa maslahi: watu wa Mirambo, watu wa Mkwawa, wafanyabiashara wa Unyanyembe na washirika wao, na kadhalika. Tena pawe na njia ya mtu kuhama kutoka upande huu kwenda ule, kwa maana walihama.

Kikosi na mahali pake

Sasa tutazame vikosi. Wanafunzi wengi wangependa kuambiwa kama mkuki unashinda bunduki au bunduki inashinda mkuki. Historia hujibu kwa kuuliza: wapi, na kwa umbali gani?

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, Emil von Zelewski alikuwa akisafiri na kikosi chake katika mstari mrefu. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani kando ya njia. Walipotoka, umbali ulikuwa mfupi mno, na askari hawakupata nafasi ya kujipanga wala ya kuiweka tayari mizinga. Zelewski aliuawa, kikosi chake kikavunjika, na Wahehe wakachukua bunduki zipatazo 300. Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, mambo yaligeuka. Mkwawa alikuwa ameizungushia Kalenga ukuta imara. Gavana von Schele alikuja na mizinga, akaupiga mji, akauteka. Ukuta ule uliowafaa Wahehe dhidi ya maadui wengine uliwakusanya mahali pamoja mbele ya mzinga. Mkwawa alipotoka akaingia porini, aliwasumbua Wajerumani kwa karibu miaka minne zaidi, hata alipojiua tarehe 19 Julai 1898.

Watu ni wale wale na silaha ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali. Kwa hiyo mtungaji asimwandikie Mhehe tarakimu moja ya nguvu isiyobadilika. Nguvu ya mkuki iwe kubwa kichakani na ndogo uwandani. Gumegume ichelewe kujazwa, na mvua iilowanishe baruti yake. Boma liwe kinga dhidi ya mshale, na mtego mbele ya mzinga. Hapo mchezaji atajifunza kufikiri kama jemadari, badala ya kujifunza kwamba watu fulani walizaliwa hodari.

Nguvu ya kiongozi nayo ifikiriwe. Mirambo alianza na utemi mdogo wa Uyowa, akaijenga himaya iliyoifunga njia ya Ujiji. Hata Stanley, aliyepigana upande wa Waarabu mwaka 1871 na kushindwa pamoja nao, ilimbidi azunguke kwa kusini. Lakini Mirambo alipofariki mwezi Desemba 1884, himaya yake haikudumu. Iliwategemea mno yeye na rugaruga wake, na rugaruga waliokosa bwana wakawa mzigo kwa wakulima. Upande wa namna hii katika mchezo upande upesi, na uanguke upesi bwana wake akifa. Upande wa Wangoni, wenye utaratibu wa marika, ukue polepole na ustahimili zaidi.

Pagazi, kisima na ghala

Tumefika penye jambo ambalo michezo mingi hulipita haraka. Katika nchi yetu ya wakati ule farasi na ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuishi katika sehemu nyingi kwa sababu ya ndorobo. Kila kitu kilibebwa na mtu. Basi kikosi cha kwanza kuandikwa katika mchezo wetu si rugaruga wala askari. Ni pagazi.

Tupige hesabu kidogo. Mzigo wa pagazi ulikaribia frasila 2, yaani ratili 70. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kama ratili moja na nusu. Pagazi akibeba chakula chake peke yake, asibebe kitu kingine, kitamtosha kwa siku 46 hivi. Safari ya kutoka Bagamoyo hata Tabora ilichukua kiasi cha miezi mitatu. Maana yake ni kwamba hapakuwa na msafara wala jeshi lililoweza kujilisha lenyewe. Chakula kilinunuliwa, au kiliombwa, au kilinyang'anywa kwa wakulima wa njiani, ambao wengi wao walikuwa wanawake wenye majembe. Safari nyingi na vita vingi vilifanywa wakati wa kiangazi, mvua zikianza watu wakarudi mashambani. Mchezo usio na majira ya mwaka hautakuwa mchezo wa nchi hii.

Hapa ndipo tunapoweza kumjibu yule kijana wa Dodoma. Njia ya Tabora ilipita Ugogo, nchi kavu yenye maji haba. Watemi wa Ugogo hawakuwa na himaya kubwa wala jeshi la kutisha. Walikuwa na visima na nafaka. Kila msafara uliopita ulilipa hongo kwa nguo, shanga au waya, na tajiri mwenye bunduki mia alikaa siku kadhaa akibembelezana juu ya idadi ya doti, kwa maana akifukuzwa kisimani bunduki hazitamnywesha. Wasafiri wa Kizungu walinung'unika sana vitabuni mwao juu ya hongo hiyo, na manung'uniko yao ni ushahidi wa nguvu ya Wagogo. Mtungaji mwenye akili angeupa upande huo uwezo ambao pande nyingine hazina: wa kupata mali bila kupigana, kwa kuwa anayepita hana njia nyingine.

Nguvu ya chakula ilionekana kwa huzuni kubwa katika Vita vya Maji Maji, tangu 1905 hata 1907. Wajerumani walichoma mashamba na kumwaga au kuchukua akiba za nafaka, na njaa ikaua zaidi kuliko risasi. Serikali yao ilikadiria kuwa watu 75,000 walikufa, G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mchezo ukiviandika vita hivyo kwa bunduki na mikuki tu, utakuwa umewaficha wengi wa waliokufa. Ghala iliyochomwa na shamba lisilopandwa ni lazima vionekane kwenye kioo.

Yaliyo mazito

Yako mambo mawili yatakayomjaribu mtungaji wa kwetu kwa namna ya pekee, kwa sababu anaipenda nchi yake.

La kwanza ni biashara ya watumwa. Atatamani kuiacha nje, au kuwaandikia wageni peke yao. Asifanye hivyo. Waarabu na Waswahili wa pwani waliifanya, na watawala wa bara nao waliuza mateka ili wapate bunduki na nguo. Iandikwe jinsi ilivyofanya kazi: anayeuza mateka leo hupata baruti leo, na kesho hukosa mikono ya kulima na ya kushika ngao. Nchi zilizouza sana zilibaki na mapori. Mchezaji akiona upande wake unadhoofika kwa njia hiyo, ataelewa jambo ambalo hotuba ndefu haimwelezi. Aliyeuzwa asiwe tarakimu ya mali ghalani kama mbao na mawe. Awe mtu aliyetoweka shambani, na shamba lake lionekane limeota magugu.

La pili ni maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Mtungaji mmoja angeweza kuyafanya maji hayo kuwa uchawi wa kweli unaozuia risasi. Huo ni uongo, na waliokufa mbele ya bombomu huko Mahenge ni mashahidi. Mwingine angeyafanya kichekesho, na hilo ni tusi. Tukitazama vema tutaona kazi waliyoifanya. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, Wangoni na wengineo, ambao hawakuwa chini ya mtawala mmoja, waliinuka dhidi ya adui mmoja. Maji hayakuzuia risasi, lakini kwa muda yalizuia utengano. Katika mchezo yapewe uwezo huo hasa: kuunganisha vikosi visivyokuwa vya upande mmoja. Tena kwa uaminifu ionyeshwe kwamba si wote waliungana. Wahehe wengi, waliopigana na Wajerumani miaka michache nyuma, safari hii walikuwa pamoja na serikali.

Tunarudi barazani

Tulianza na bao, na kwa bao tutamaliza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32, nazo 10 huwa zimepangwa ubaoni na 22 zimo mkononi, ghalani, zikingoja kunamuliwa moja moja. Analo shimo kubwa liitwalo nyumba, lenye kete 6 za mwanzo, naye hulilinda kama mtemi anavyolilinda boma lake. Hayo yote mtungaji wa mchezo wa vita angeyatambua mara moja: kuna akiba, kuna makao makuu, kuna vikosi mbele na vikosi nyuma.

Lakini liko jambo moja ambalo bao hulijua na michezo ya kigeni tuliyoitaja hailijui vizuri. Kete iliyoliwa haitupwi nje. Huchukuliwa na kusambazwa upande wa aliyeila, nayo tangu hapo humpigania. Hakuna kete iliyochorwa alama ya kabila, na hakuna iliyozaliwa na nguvu kuliko nyingine. Nguvu yake ni shimo ililomo na wenzake ilio nao. Aliyelibuni bao aliwajua watu wetu. Wandendeule waliokuwa Wangoni, mateka waliokuwa rugaruga, tawala za Iringa zilizokuwa Wahehe, na hatimaye makabila zaidi ya 120 yaliyokuwa Watanzania, wote walipita njia hiyo ya kete.

Walimu na wanafunzi, itungeni michezo hiyo. Anzeni kwenye karatasi, kama walivyofanya wale vijana, kwa maana karatasi haihitaji umeme. Andikeni kwanza visima, mashamba na njia; kisha wapagazi na wakulima; kisha mwandike nani alimtii nani, na kwa sababu gani; silaha mziandike mwisho. Mkimaliza, mpeni kijana wa Dodoma acheze upande wa Ugogo, na wenzake wapite kwake na misafara yao. Hapo watajua kama ni wa kuchekwa.